Nani Aliuza Zaidi: Spice Girls, TLC ama Destiny's Child?

SWALI: Sasa anti, mimi ni msusi hapa Kondele, Kisumu, na saluni yetu imegawanyika kabisa. Mdosi wangu anasema hakuna kundi la wasichana liliwahi kuuza kama Spice Girls, mimi nasema Destiny's Child, halafu juzi kastoma mmoja akiwa kwa kiti akasema sisi wote hatujui muziki, ni TLC. Kila mtu ako na namba zake kwa simu. Tuamulie tafadhali. – Msusi, Kondele

JIBU: Dadangu, kwanza muulize mdosi wako anahesabu wapi, maana kama ni dunia mzima basi ameshinda, na si kwa kidogo. Wimbo wa Spice Girls, Wannabe, ulitoka 1996, mwaka uliofuata ukakaa namba moja Marekani wiki nne, na ile albamu yao ya kwanza inahesabiwa ilipita milioni 20 duniani. Kwao Uingereza singo sita za kwanza zote zilienda namba moja, moja baada ya nyingine, mpaka 1998 ya saba ikakwama namba mbili.

Lakini chati ya singo ya Marekani walishika namba moja mara hiyo moja tu, na hapo ndio wewe unaingia. Destiny's Child wako nazo nne huko, na albamu yao Survivor ilipotoka 2001 iliuza nakala 663,000 wiki ya kwanza. Wiki moja! Kwa hivyo usikubali kunyamazishwa, wewe sema tu ni Marekani unaongelea.

Sasa huyo kastoma wenu msimdharau hata kidogo. CrazySexyCool ya TLC, ya 1994, ndio albamu ya kwanza ya kundi la wasichana kupewa cheti cha almasi Marekani, yaani nakala milioni 10, na walipewa 1996. Na hawa ndio wananiuma roho mpaka leo, kwa sababu 1995, albamu ikiwa bado inauza vizuri tu, hao wasichana walienda kortini kusema wamefilisika, wana deni la dola milioni 3.5. Watu huuliza inawezekanaje. Inawezekana, kwa sababu msanii hapati bei ya kaseti, anapata kamgao kadogo, na kutoka kwa hako kamgao inakatwa pesa ya studio, pesa ya video, meneja naye anataka yake, wakili pia, kodi, alafu kile kimebaki ndio wanagawana watatu. Mkisema kundi fulani limefaulu kwa mauzo, mjue aliyefaulu kwanza ni lebo, ile kampuni inayotoa muziki.

Kitu ingine, hizo namba zenu za simu hazifanani juu ile almasi wakati huo ilikuwa inahesabu nakala zilizopelekwa madukani, na zile za dunia mzima mara nyingi ni makadirio.

Na sisi huku hatumo kwa hesabu yoyote. Kaseti yangu ya TLC nilirekodiwa na kijana mmoja karibu na stendi ya matatu hapa Nakuru, nilimpelekea kaseti tupu akanijazia pande zote mbili, na karibu kila mtu niliyemjua alikuwa anapata muziki hivyo. Niliicheza mpaka utepe ukakatika, nikauunga na kaselotepu nikaendelea. Hao wasichana hawakuona hata shilingi yangu moja, na huo ndio wakati walikuwa na deni.