Kwa wanagenzi wa kloroplasti: anzeni na jani lenyewe

Nyinyi mnaoanza mwaka huu kuchunguza jeni za kloroplasti, yaani vijisehemu vya kijani vya seli ya mmea vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, hapa Unguja, kabla hamjagusa mashine yoyote, chukueni mche wa mpunga, kama ile mliyoizoea tangu utotoni katika bonde la Cheju, mulichanue jani lake taratibu. Jani la mpunga hukua kutokea chini. Seli za chini, zilizofichwa ndani ya ala, ni changa na zina proplastidi (kloroplasti ambazo bado hazijakomaa) ndogo zisizo na rangi, ilhali zile za kwenye ncha zimekomaa na kloroplasti zilizomo ndani yake zinafanya kazi kamili; kwa hiyo hatua zote za makuzi zimo katika jani moja. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hili: nilikata majani bila ya kipimo, mengine juu na mengine chini, nikayasaga pamoja, na matokeo ya miezi miwili hayakuweza kulinganishwa. Pimeni sentimita kutoka shinani, na muandike saa ya kukata, maana jeni nyingi za usanisinuru hupanda na kushuka kwa kufuata saa ya ndani ya mmea.

Jambo la pili ndilo linalowapoteza wengi. Kloroplasti ina jeni zake takribani 100 hadi 130 tu, na protini nyingine kwa maelfu huagizwa na kiini cha seli. Rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi, ina vipande 8 vikubwa vinavyotokana na jeni ya kloroplasti na 8 vidogo vinavyotokana na jeni za kiini, na kila upande usipokwenda na mwenziwe kazi huharibika. Sasa, RNA ya ujumbe (nakala ya jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) kutoka kiini huwa na mkia mrefu wa adenini, moja ya herufi za RNA, na praima zilizozoeleka maabara, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili, hushika mkia huo. Ujumbe wa kloroplasti kwa kawaida hauna mkia wa namna hiyo. Ukipachikwa mkia, huwa ni alama kwamba unakwenda kuvunjwa. Mwanafunzi anayetumia praima hizo hupata kiasi kidogo mno, akaandika kwamba jeni imezimwa, kumbe inafanya kazi kwa nguvu zote. Tumieni praima za mfuatano wa nasibu, au zilizotengenezwa kwa jeni husika.

Mkitaka kuona namna mwanga unavyoamsha kloroplasti, choroko inatosha. Ikioteshwa gizani hutoa miche ya njano yenye etioplasti (plastidi zilizokulia gizani bila ya ukijani), na mwanga ukiifikia, rangi ya kijani huanza kutengenezwa papo hapo. Lakini giza liwe giza kweli. Siku moja miche yangu, niliyoamini imekaa gizani siku tano, niliikuta imeshaanza ukijani upande uliotazama tundu ya ufunguo wa kabati, ikanibidi niloweke choroko nyengine.