Maswali ya wasomaji: Mche wa korosho unakumbuka kiu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi msomaji wenu niko Kitangari, Newala. Desemba nilipanda miche ya korosho, jirani yangu naye kapanda wiki hiyohiyo, mbegu tulichukua sehemu moja. Tofauti ni kwamba kitaluni mimi namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa, yeye mwishoni mwishoni alikuwa anaiacha mpaka majani yalegee kidogo ndo anamwagilia. Mvua ilipokata Februari yangu mingi ikakauka, yake imesimama. Anasema kaizoesha kiu na mche unakumbuka. Kweli au bahati tu? Nifanye hivyo na kwenye mahindi? Na mbegu zake zitarithi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole sana kwa miche. Sio bahati. Jirani yako kafanya jambo la maana, ila neno kumbukumbu tuliangalie vizuri maana lina mipaka yake.

Udongo ukianza kukauka mmea unatengeneza homoni inaitwa asidi ya absisiki, kazi yake mojawapo kubwa ni kufunga stomata, yaani vile vitundu vidogo sana vya kwenye jani ambavyo maji yanatokea humo kama mvuke. Hapohapo kuna jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo ya urithi ndani ya seli, zinaamka kutengeneza vitu vya kulinda seli zisikauke. Mvua ikirudi zinatulia. Sasa utamu uko hapa, mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska kule Marekani walichukua mmea mdogo unaitwa Arabidopsis wakaukausha, wakaunywesha, wakaukausha tena na tena, wakakuta ule uliokwishaonja kiu unapoteza maji polepole kuliko ambao haujawahi kuionja. Walipochunguza ndani, kwenye baadhi ya jeni kulikuwa na alama za kikemikali zimebaki juu ya protini ambazo DNA imejiviringisha, na kile kimeng'enya cha kusoma jeni bado kimekaa palepale mwanzoni mwa jeni, hivyo kiu ikirudi kazi inaanza kwa kasi. DNA yenyewe haijabadilika kitu. Mmea hauna ubongo na bado unaweka kumbukumbu, mimi hili huwa linanifurahisha kila nikilifikiria!

Lakini kumbukumbu hiyo, mmea ukiendelea kupata maji vizuri, ilidumu kama siku 5 hivi, kufika siku ya 7 imeshafutika. Sasa jiulize, miche imetoka kitaluni Desemba, jua limepiga Februari, katikati hapo mvua zimenyesha. Alama ya siku chache ingefikaje huko? Kwa hiyo mimi naona kilichoiokoa zaidi miche ya jirani yako ni umbo lake. Mche unaobanwa maji kidogokidogo haukimbilii kutoa majani mapana laini, chakula kingi unapeleka kwenye mizizi, na jani linalotoka linakuwa dogo na gumu kidogo. Kama kitaluni vimebaki viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, chukua chako kimoja na chake kimoja uvichane uangalie: mche ulioloweshwa kila siku unaweza kukuta juu umenona mno kuliko mizizi iliyopo chini, halafu mche huo unaupeleka kwenye mchanga wetu wa uwanda wa Makonde ambao maji hayakai, mizizi midogo ilishe majani yote yale, itaweza wapi.

Kwa hiyo msimu ujao wiki mbili tatu za mwisho punguza maji taratibu na kivuli uwe unakitoa. Chomeka kidole kwenye kiriba, udongo wa juu ukiwa mkavu na majani machanga yameanza kulegea mchana, mwagilia jioni mpaka maji yatoke chini. Usisubiri jani likauke ncha. Kiu ikizidi hewa inaingia kwenye mishipa ya kupandisha maji na hapo hakuna mazoezi tena, mche unakufa. Na hata ukifanya vizuri gharama ipo, stomata zikifungwa hewa ya kaboni ambayo mmea unatengenezea chakula nayo haiingii, mche unakua polepole, kwa hiyo usianze mapema.

Mahindi usithubutu kuyabana yakiwa yanatoa mbelewele! Jua la wakati huo linachelewesha ndevu za hindi, chavua inamwagika kabla hazijatoka, unavuna magunzi. Mahindi wahi kupanda, weka matandazo, basi.

Kuhusu kurithi, alama nyingi za namna hii hufutika mbegu zinapotengenezwa, kwa hiyo usilipie hela ya ziada mbegu kwa sababu tu mama yake kastahimili ukame. Tena mkorosho unachavushwa na miti mingine, mbegu haifanani na mama moja kwa moja. Ukitaka sifa za mti fulani tafuta miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kijiti cha mti huo, ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele hapo Mtwara au kwa afisa ugani wako, halafu hiyo nayo usiiloweshe kila asubuhi na jioni mpaka siku ya kuipanda.