Tanzia Husamehe, Kichekesho Hakisamehi

Swali lenu la wiki: kikundi kipya cha waigizaji wa ridhaa kianze na tanzia, yaani mchezo wa majonzi, au na kichekesho cha mapenzi? Najua wengi watajibu kichekesho, eti ni chepesi. Mimi ni mshika hati wa kikundi kimoja hapa Nairobi, yule anayejificha nyuma ya pazia na kumnong'onezea aliyesahau maneno. Jibu langu ni tanzia.

Tanzia humbeba mwigizaji dhaifu. Akisahau maneno akiwa amesimama kando ya maiti ya nduguye, ukumbi utadhani amezidiwa na majonzi, na mimi nina muda wa kutafuta mstari na kumrushia. Kwenye kichekesho, kimya hichohicho kinaua utani, na utani uliokufa haufufuki usiku huo.

Kisha kuna mazoezi. Wiki mbili za kwanza kila mtu anacheka. Baadaye utani umezoeleka, hakuna anayecheka tena, na waigizaji wanaingiwa na hofu kwamba mchezo haufai. Hapo ndipo wanapoanza kuongeza chumvi: huyu anakodoa macho, yule anajikwaa makusudi, mwingine anamfanya bwana harusi azungumze kwa lafudhi ya kabila fulani. Hili la lafudhi linanikera. Ndiyo njia ya mkato Nairobi nzima, na ni kweli watu watacheka. Lakini kijana ambaye tumemcheka lafudhi yake saa nzima, nani atamtakia ampate msichana mwishoni? Na hadhira isipotaka wapatane, kichekesho cha mapenzi kimebaki na nini?

Mwaka 2012 waigizaji kutoka Nairobi walipeleka kichekesho cha Shakespeare kuhusu wake wa Windsor kwenye jukwaa la Globe, London, kwa Kiswahili. Humo Falstaff anawaandikia wanawake wawili walioolewa barua ya mapenzi ileile, akabadilisha majina tu. Mzee huyo anachekesha kwa sababu hajui kwamba anachekesha. Anaamini kabisa kwamba wake za watu wamemzimikia. Kumpata mwigizaji wa ridhaa atakayeamini namna hiyo, huku binamu zake wakimpigia mbinja kutoka safu ya nyuma, ni kazi.

Maana tiketi zetu hununuliwa na nani? Na jamaa, wakwe na wafanyakazi wenzetu. Katika mchezo wetu wa mwisho hati ilidai busu, na mama mkwe wa mwigizaji wetu mkuu alikuwa ameshalipia kiti safu ya pili. Mwelekezi akaliondoa busu. Badala yake msichana anamrekebisha kijana kola ya shati, polepole, halafu anasahau kuondoa mkono. Ukumbi ulipiga mayowe. Sidhani busu lingefika hapo.

Onyesho lililofanya vizuri kuliko yote katika mchezo huo ni lile la wazee kuja kuposa. Wageni wanasema wameona ua zuri katika boma hili, wenyeji wanajifanya hawajui ua gani, mara ubishi wa mbuzi unaanza. Aliyeigiza mjomba ni mhasibu, na alibishana kuhusu mbuzi wale kama anayekagua vitabu vya kampuni inayofilisika. Hakutabasamu hata mara moja. Watu waliangua kicheko mpaka mistari mitatu ikapotelea humo.

Hilo nalo hufunzwa kwa shida. Kicheko kikipanda, nyamaza, ubaki ndani ya mhusika wako. Kikianza kushuka, sema. Ukisubiri kiishe kabisa, mchezo umepoa, na ukisema juu yake, hadhira imekosa sentensi inayoeleza barua ilimfikiaje mtu asiyeandikiwa. Tena huwezi kukariri mahali pa kungoja, kwa sababu watu wa Jumamosi usiku hawachekei yale yanayowachekesha watu wa Jumapili saa tisa, waliotoka kanisani na watoto.

Ukumbi wenyewe una neno lake. Kikundi cha Phoenix Players kilicheza miaka mingi katika chumba kidogo hapa Nairobi, pale Professional Centre, Parliament Road, na udogo ule ulikuwa msaada: kicheko cha mmoja humwambukiza jirani yake. Sambazeni watu arobaini katika ukumbi mkubwa, kila mtu ataona haya kucheka peke yake. Wahamisheni wote mbele kabla taa hazijazimwa, hata wakinung'unika.

Kama baada ya haya bado mnashikilia kichekesho, basi tafuteni mshika hati kabla ya kumtafuta bwana harusi. Na mazoezi yaishe mapema. Mvua ikinyesha, nauli ya kwenda Rongai hupanda, na hakuna kikundi cha ridhaa kinachomrudishia mtu nauli.