"Zitapelekwa Sehemu Husika"

Wiki hii nimeletewa mpango wa taka za saiti ya ujenzi, kurasa tisa, na kijana ambaye kwa kweli nampenda. Jalada safi, nembo, jedwali la yaliyomo. Ukurasa wa sita: "Taka zote zitaondolewa saiti na kupelekwa sehemu husika." Nikamuuliza, sehemu husika ndiyo ipi? Akanitazama kama vile nimemuuliza jina la babu wa babu yake.

Sikumcheka. Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi, neno kwa neno, na ilinitoa jasho. Basi wadogo zangu mnaoanza kushika mafaili, sikilizeni.

1. Kifusi hufura. Mnalijua hili darasani, mkifika saiti mnalisahau. Mimi nilikuwa na slabu ya zege ya kubomoa, mita 40 kwa 15, unene sentimita 20. Kikokotoo kikasema mita za ujazo 120. Nikagawa kwa tipa la ujazo wa 10, nikapata tripu 12, nikaagiza tripu 12, nikaenda kunywa chai. Zege likivunjwa huacha matundu katikati ya mabonge, na ukiongeza nusu ya ujazo wake hujakosea sana: zile 120 zilikuwa 180. Halafu kuna uzito. Zege zima ni kama tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo nilikuwa na tani 288, na matipa yale yaliruhusiwa kubeba tani 12 tu. Ni tripu 24. Mara mbili kamili.

Tripu ya 12 ilipoondoka, kifusi kilichobaki kilikuwa kimeziba njia ya lango, na kesho yake asubuhi lilikuwa linakuja gari la zege. Zege halisubiri mtu apige simu. Nikamwambia opereta wa kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, asogeze lundo pembeni. "Pembeni wapi?" "Popote penye nafasi." Sikwenda kuangalia.

Penye nafasi palikuwa kona ya nyuma, ambako tulilaza vipande vya paa la asbesto (nyuzi zake ukizivuta huharibu mapafu), vimefungwa nailoni mbili, vinasubiri kuchukuliwa na watu wenye kibali. Kwenye mpango wangu kona hiyo haikuchorwa. Utepe wa tahadhari ulishakatika siku nyingi. Kijiko kikasukuma, nailoni zikapasuka, na kibarua mmoja, aliyekuwa mgeni kuliko wote pale, akaja kuniuliza kwa sauti ya chini: "Bosi, hii ya kijivu yenye nyuzinyuzi si ndiyo tuliyokatazwa kugusa?"

Nitasema ukweli. Kwa dakika kama kumi nilifikiria kunyamaza. Kifusi kinafanana, tipa likifunikwa turubai nani atajua? Kilichonizuia si uadilifu, ni yule kibarua. Alikuwa bado amesimama pale, hana barakoa, ananisubiri niseme neno.

Tukasimamisha kazi. Tukawatoa watu wote upande ule, tukalowesha lundo kwa maji ili vumbi lisiruke, tukalifunika, tukaita wenye vifaa. Kifusi ambacho jana kingesagwa kikawa cha kujazia barabara, leo chote kilihesabiwa taka hatarishi, kwa sababu hakuna anayeweza kuchambua nyuzi za asbesto kwa jicho. Gari la zege lilirudishwa langoni. Opereta akaanza kulaumiwa, nami nilichelewa kusema kwamba amri ilikuwa yangu. Kuchelewa huko kunaniuma kuliko gharama zote.

2. Kwa hiyo chora. Mpango wa taka ni mchoro kabla ya kuwa maandishi: mbao hapa, nondo hapa, hatarishi hapa penye kufuli, tipa linaingilia huku na kugeuzia kule. Kisha uchore tena msingi ukiisha, maana nafasi uliyokuwa nayo mwezi wa kwanza itakuwa imejengwa.

3. Jasi (gypsum, ile ya dari) isikae na taka za kuoza; ikilowa mahali pasipo hewa hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza na yenye sumu.

4. Maji ya kuoshea mashine ya zege yana pH ya 12 na zaidi, yaani makali ya kuunguza ngozi. Yachimbie shimo, ulitandike nailoni. Si mferejini, tafadhali, na usiniambie "ni maji tu."

5. Taka nyingine huzaliwa ofisini. Nondo ni mita 12. Ukihitaji vipande vya mita 4 unapata vitatu, hakibaki kitu. Ukihitaji vya mita 4.1 unapata viwili na kipande cha mita 3.8 kinakwenda kukaa juani, karibu theluthi ya nondo kwa ajili ya sentimita 10! Kaa na mhandisi na fundi nondo kabla oda haijatoka. Mara nyingine mhandisi atakubali kurekebisha, mara nyingine atakufukuza. Nimefukuzwa mara nyingi, na bado naenda.

6. Stakabadhi ya kila tripu itunzwe. Kila tripu.

Yule kijana wangu amerudisha mpango jana jioni. Nimefungua ukurasa wa sita kwa hamu. Amefuta "sehemu husika" na kuandika "sehemu iliyoidhinishwa." Nimemwita saa moja asubuhi, aje na futi kamba.