Nilivyoacha kupiga picha za matako ya tai

Miaka miwili ya kwanza nikiwa na kamera nilikuwa na folda nzima ya tai walionipa mgongo. Sio utani, ni mikia na miguu na mabawa yakienda zake. Nikadhani shida ni lenzi, nikajinyima weee mpaka nikanunua lenzi ya kuvuta mbali, 150-600mm ya mtumba, na unajua nilipata nini? Matako yale yale ila sasa makubwa na safi kabisa.

Aliyenitoa tongotongo ni mzee mmoja wa boti pale Naivasha. Aliniuliza tu, "kijana, upepo unatoka wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia ndege mzito kama furukombe, yule tai mla samaki, akitaka kuruka lazima auelekee upepo, sasa wewe ukikaa upande ule mwingine utaonyeshwa mgongo mpaka uzeeke. Basi siku hizi nikifika mahali narusha vumbi kidogo hewani kabla hata sijafungua begi, nataka upepo unipige mgongoni na jua pia linipige mgongoni, vikikubaliana hiyo siku imeiva, visipokubaliana nampiga akiwa ametulia kwenye tawi na sijisumbui na ya kuruka.

Kama unaanza nenda Hell's Gate, ni moja ya mbuga chache Kenya unazoruhusiwa kutembea kwa miguu au baiskeli. Utamkuta shakivale, yule mwenye mkia wa rangi ya kutu, kakaa juu ya mti mkavu. Lakini jua hili, ndege wengi wamezoea magari, mtu wa miguu ndiye anawatisha, kwa hivyo usimwendee moja kwa moja ukimkodolea macho. Mimi huenda mshazari, nasimama, naangalia kwingine, kama mtu anayepita karibu na duka analodaiwa. Ukimwona ameinama mbele na kuinua mkia, weka kidole kwenye kitufe. Na akinya, ndio kabisaa, wengi hupunguza mzigo kwanza ndio waruke.

Shata, yaani kasi ya kamera kufunga, iwe 1/2000 ya sekunde kwenda juu, mimi akianza kupiga mbizi naweka 1/3200 na ISO, ile ya kamera kuhisi mwanga, naiacha ipande inakotaka. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa utazipunguza kwa kompyuta lakini bawa lililovurugika halina dawa. Furukombe ana kichwa cheupe na mabawa meusi, kamera inachanganyikiwa, punguza mwanga kidogo la sivyo kichwa kinatoka kama karatasi, unyoya hata mmoja huoni.

Tumbusi wa Rüppell kwenye miamba ya Hell's Gate usiwadamkie saa kumi na moja alfajiri, watakukalisha tu na baridi. Wanangoja ardhi ipate moto ndio wapande na hewa. Lakini pia usichelewe sana, jua likishakuwa kali joto linatetemesha picha za mbali na hakuna lenzi itakayokuokoa, hata ya bei gani.

Sasa hii ya kurushiwa samaki. Kule ziwani mtu wa boti anapiga mbinja, anarusha samaki aliyekufa, furukombe anashuka, unapata picha. Nilifanya mara moja na ile picha ilikuwa sawasawa na ya kila mtalii, samaki tumbo juu. Siwalaumu, ndio ugali wao, ila mimi namlipa pesa ile ile namwomba azime injini tukae karibu na mti wa furukombe. Wakiwa wawili wakaanza kuitana wanatupa vichwa nyuma mdomo wazi, na hiyo kwangu inashinda samaki kumi. Unaweza kukaa masaa mawili bila kitu lakini. Beba chai, na viboko waachie nafasi yao.

Kitu kimoja sicheki nacho ni kiota. Ukisogea mama anaondoka, yai linabaki kwenye jua kali au kunguru analichukua, na wewe umerudi Nairobi na picha yako unasifiwa. Kama amesimama anakutazama wewe tu, umeshakaribia mno, rudi nyuma. Na ukiposti usiweke lokesheni. Watu huniandikia inboksi wakiuliza kile kiota cha tai kiko wapi, nawajibu Kaunti ya Nakuru.