Kabla hujaweka viti kando ya maji, kapime kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Dodoma aliniandikia: "Dada, nimepata sehemu Hombolo, bwawa liko hapo hapo mbele. Nataka kuchoma kuku na kuweka viti. Wewe ulishafanya Singida, nipe mbinu." Ujumbe ulinikuta jikoni. Nilizima jiko nikakaa chini, maana mtu akinitajia viti na maji kwa pamoja, moyo wangu unarudi Singidani, lile ziwa la Singida mjini.

Nilifungua mwaka 2012, meza sita na banda la nyasi. Nyuma majabali, mbele ziwa. Upepo wa Singida mnaujua: kila kitambaa cha meza nilikigandamiza kwa mawe manne kwenye pembe, na watoto wa wateja hawakuacha kuyachukua wachezee. Jua likikaribia kuzama, heroe waliinuka kundi zima, wekundu chini ya mbawa, na meza zote zikanyamaza. Nimeona dereva wa lori aliyeendesha usiku kucha kutoka Mwanza ameshika paja la kuku hewani, hali, anatazama ndege.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu. Walimu walikuja mshahara ukitoka, kamati za harusi zikafanyia vikao kwangu, na mtumishi aliyehamishiwa mjini akiwa hamjui mtu aliletwa pale ajuane na wenzake. Kuku wa kienyeji nilinunua kwa akina mama wa vijijini, nikachoma mwenyewe. Aliyetaka ugali wa uwele na mlenda alipata. Kuna watu leo wana watoto wanasoma sekondari, na wachumba hao walikutania meza yangu ya tatu, karibu na maji. Hilo najivunia na nitaendelea kujivunia.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize, mdogo wangu. Mahali kujaa watu si sawa na biashara kwenda vizuri. Nilikuwa na daftari la madeni, kubwa, gamba gumu la bluu. Kila jina mle lilikuwa la mtu niliyempenda. "Dada, andika, mwisho wa mwezi." Niliandika. Mwisho wa mwezi ulifika, akala tena, nikaandika tena. Niliona aibu kumdai mtu aliyecheza kwenye harusi ya mdogo wangu. Usione aibu. Dai. Anayekupenda atalipa na atarudi.

La pili ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliyenikodisha kiwanja aliniambia pako salama, nikamwamini kwa sababu ni mtu mzima na tulikula naye. Karatasi tuliyoandikiana haikuwa na kipimo hata kimoja. Siku walipokuja watu na kamba, kutoka ukingo wa maji hadi jiko langu zilikuwa mita 38. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60: ndani yake huruhusiwi kufanya shughuli ya kudumu, wala inayoweza kudhuru ukingo, iwe ni ziwa, mto au bwawa. Nilikaa pale miaka yote hiyo sijawahi kuisikia. Nilipompigia mwenye kiwanja, simu iliita mpaka ikakatika.

Kabla sijabomoa, mvua za msimu wa 2019 na 2020 zikanitangulia. Singidani haina mto wa kutolea maji. Yanayoingia yanasubiri jua liyakaushe. Yalipanda ngazi ya kwanza, ya pili, na asubuhi moja nikakuta viti viwili vinaelea jikoni. Wazee wa mtaa waliniambia baadaye kwamba maji yalishawahi kufika pale. Sikuwa nimewauliza. Nenda kaulize wazee, mdogo wangu, kabla hujanunua hata msumari. Na uulize zaidi ya mmoja.

Katika wote waliojaza Ijumaa zangu, waliokuja kunisaidia kutoa meza walikuwa watatu. Tulizitoa tukiwa tumezama mpaka magotini. Mimi nimesamehe, ila daftari nimelitunza.

Mwezi uliopita nilipita Singida. Stendi, mwanamume mmoja akaniita "Dada wa ziwani!" Yule dereva wa paja la kuku. Alitoa shilingi 14,000 akanishikisha mkononi, akasema ni za kuku wawili wa mwaka ule. Jioni nilifungua daftari: kuku wawili, 14,000, jina lake. Nikalikata kwa kalamu nyekundu.

Hombolo ni bwawa la kujengwa, lipo tangu 1957, na ukingo wake una mita 60 zile zile. Kamba ndefu ninayo. Jumamosi asubuhi nitakuja nayo, wewe njoo na mtu wa kushika upande wa pili.