Kabla hamjachapisha tiketi: fedha za kikundi cha maigizo Zanzibar

Tiketi hazilipi mchezo. Kikundi kisipolikubali hili mapema kitaonyesha mara moja, kitabaki na deni la mwenye spika, na wanachama wataanza kutupiana maneno. Kwa hiyo gharama zote mtakazozilipa hata asipokuja mtazamaji mmoja ziwe zimeshapatikana kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Pesa ya mlangoni iwe ya mgao na akiba.

Anzeni na hesabu. Chukueni mchezo wa saa moja na robo, watu 12 pamoja na mwongozaji, ukumbi wa watu 150. Bei za mjini na shamba hazilingani, kwa hiyo wekeni zenu, lakini mfano ni huu: ukumbi 100,000, viti 150 vya kukodi kwa 500 kila kimoja, 75,000, vyombo vya sauti 200,000, jenereta na petroli 80,000, gari ya matangazo 60,000, mabango na tiketi 65,000, mavazi na mapambo ya jukwaa 150,000, gari ya kuwarudisha wasanii usiku 80,000. Halafu mazoezi: watu 12, siku 10, nauli na chai 2,000 kwa kila mmoja, 240,000. Jumla 1,050,000. Ongezeni asilimia 10 ya dharura, inakuwa 1,155,000.

Sasa jazeni ukumbi wote kwa tiketi ya 3,000: mnapata 450,000. Haifiki nusu. Na ukumbi haujai. Pangeni kwa thuluthi mbili ya viti, yaani 300,000.

Angalieni ni mstari gani mkubwa kuliko yote. Ni mazoezi, na ndio mstari ambao vikundi vingi haviuandiki kabisa, kwa sababu nauli inatoka mfukoni mwa kila mtu kidogo kidogo. Matokeo yake yanajulikana: wiki ya pili anakosekana mmoja, wiki ya tatu wanne, na mwongozaji anafanya mazoezi na viti. Kama hamna pesa ya nauli kwa siku 10, fanyeni siku sita ndefu za Jumamosi na Jumapili, karibu na wanakoishi wengi wenu. Msijidanganye kwamba watu watajitolea.

Mstari mwengine usiokatwa ni gari ya usiku. Mzazi wa msichana wa Bububu au Fuoni hatoangalia ubora wa mchezo wenu, ataangalia binti yake karudi saa ngapi na nani. Nendeni mkaonane na wazee kabla ya mazoezi kuanza, muwape jina la dereva na la mama mtu mzima atakayekuwemo garini. Kikundi kinachowaacha wasichana watafute usafiri saa nne usiku kitawapoteza, na mtabaki na wanaume wanaovaa baibui kuchekesha watu.

Pa kupunguza papo. Ukumbi wa skuli una viti vyake: 75,000 imeondoka. Kwa watu 150, msanii aliyefundishwa kutoa sauti hahitaji kipaza sauti. Kodini spika moja ya muziki kwa 40,000 badala ya seti nzima. Vipaza sauti vya bei rahisi vinaharibu zaidi kuliko vinavyosaidia: vinapiga mluzi msanii akisogea mbele ya spika, na nje kwenye upepo wa kusi hamtosikia ila upepo. Jenereta ipangeni hata kama ukumbi una umeme, lakini ikae nje upande upepo unakoelekea, mbali na madirisha, kwa waya mrefu. Moshi na kelele vikiingia ndani, mchezo umekwisha.

Njia kubwa kuliko zote ya kupunguza ni kuonyesha mara mbili siku moja. Alasiri ya watoto na akina mama, kiingilio 1,000, muanze saa 10:15 baada ya sala na mmalize 11:30, Magharibi haijaingia. Usiku muanze saa 2:30 baada ya Isha. Ukumbi ni ule ule, gari ya matangazo ni ile ile, jenereta imeshakodiwa. Mpango huu ukirudiwa Jumamosi ya pili, mavazi na mazoezi yameshalipwa. Kilichobaki ni ukumbi 100,000, spika 40,000, jenereta 80,000, matangazo 60,000 na gari ya usiku 80,000, jumla 360,000. Mlangoni, hata kwa thuluthi mbili, ni 100,000 za alasiri na 300,000 za usiku. Hapo ndipo tiketi inaanza kuleta maana. Mchezo wa usiku mmoja ni harusi, si kazi.

Tarehe ina pesa ndani yake. Ramadhani hakuna onyesho, lakini mazoezi baada ya tarawehe yanawezekana mkikubaliana. Shaaban harusi ni nyingi. Viti na spika vinagombaniwa. Mfunguo Sita watu wako kwenye maulidi. Masika, Machi hadi Mei, ukumbi wa bati hausikiki kitu mvua ikishuka, na hoteli nyingi zimefungwa au hazina wageni, basi msipeleke barua za udhamini miezi hiyo. Februari mafundi wa sauti wa Mji Mkongwe wana tamasha la muziki la Sauti za Busara. Siku za Idd ni bora kuliko zote kwa watoto, kwa kuwa wana pesa mkononi. Ukumbi ulio karibu na viwanja vya sikukuu, kama Mnazi Mmoja Unguja au Tibirinzi Pemba, unajaa kwa mchezo wa dakika 25 unaorudiwa mara nne. Pemba, subirini karafuu. Si wakati watu wako mikarafuuni, maana wanarudi wamechoka, bali wakishauza na kulipwa.

Hiyo 1,155,000, au 896,500 mkishapunguza viti na sauti, inatoka wapi? Sehemu ya kwanza ni nyinyi wenyewe: mchango wa mwezi, hata 2,000. Hauleti pesa nyingi ila unaonyesha nani ni mwanachama na nani ni mpita njia. Sehemu ya pili ni vitu. Mwenye duka ataona tabu kutoa 100,000 taslimu, lakini atatoa katoni za maji, mbao, rangi, au atachapa mabango. Andikeni orodha ya vitu 15 na bei zake, mpelekeeni kila mtu kitu kimoja anachokiuza. Barua iwe ukurasa mmoja: mchezo gani, lini, wapi, watu wangapi, mnataka nini hasa, na yeye atapata nini, mfano jina lake kutajwa na gari ya matangazo na tiketi nne za viti vya mbele. Baada ya onyesho mrudieni na picha na hesabu. Wengi hawarudi, ndiyo maana mwakani mlango unafungwa.

Sehemu ya tatu ni kazi za kulipwa: maigizo ya uhamasishaji wa afya, elimu au kupinga udhalilishaji. Hizi zinaweza kuendesha kikundi mwaka mzima, na zinaweza kukiua. Msikubali kulipwa "posho" kwa kichwa. Tozeni bei ya onyesho, ndani yake mkiwa mmehesabu utunzi, mazoezi sita, usafiri na vifaa. Nusu ilipwe kabla ya mazoezi, na muandikiane. Taasisi nyingi hulipa baada ya ripoti, na ripoti ikichelewa nyinyi ndio mnaodaiwa nauli. Kataeni pia kuwekewa ujumbe sita katika nusu saa. Mchezo wa namna hiyo ni hotuba iliyovaa kanga, na watu wataondoka kabla haujaisha.

Yote haya yanadai karatasi. Kikundi kisajiliwe Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, kiwe na katiba hata ya kurasa tatu, na akaunti ya benki yenye watia saini watatu ambao wawili lazima wawepo. Lipa namba iwe ya kikundi, isiwe simu ya mwenyekiti. Wiki mbili kabla ya onyesho pelekeni barua kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, na nakala kituo cha polisi.

Tiketi zichapishwe kwa namba, vitabu vya 20, na kipande chenye namba kibaki kitabuni. Kila mwanachama asaini kitabu alichochukua na arudishe pesa au tiketi siku moja kabla. Anayesema "nitaleta kesho" ahesabiwe amezinunua. Mlangoni wakae watu wawili, mmoja anapokea pesa na mwengine anachana tiketi, na wasiwe ndugu. Walioalikwa bure wawe 10, majina yameandikwa. Bila ya orodha hiyo kila shangazi wa kila msanii ni mgeni rasmi.

Mgao ukubaliwe kabla ya zoezi la kwanza, si usiku wa onyesho pesa zikiwa mezani. Mfano: asilimia 40 ya kinachobaki ni akiba, 60 inagawiwa sawa kwa sawa kwa waliohudhuria mazoezi manane kati ya 10. Mshika fedha asome hesabu mbele ya wote ndani ya siku tatu, stakabadhi zikiwa mkononi. Akiba msiiingize kwenye upatu wala msimkopeshe mtu, hata mwenye msiba. Kwa msiba changeni upya.

Akiba ikifika laki tatu au nne, nunueni kile mnachokikodi mara nyingi kuliko vyote. Kwa wengi ni spika: kwa 40,000 kila siku ya onyesho, spika ya 320,000 imejilipa siku ya nane, na siku za katikati mnaweza kuikodisha kwa shughuli za mtaani. Ila mmoja wenu awe na dhamana nayo kwa maandishi, na isikae nyumbani kwa mtu anayefanya biashara ya muziki.